Radiateri Tuliyoipima Kwenye Baridi

Dume ya jirani njo ilianza mambo yote. Watu wakiniuliza ile gari ilikufa namna gani, ninawaambia iliuawa na ng'ombe. Wanacheka. Ninawaacha wacheke kwanza, kwa sababu mbele ya hadithi hii hakuna mahali pengi pa kucheka, na muntu asianze njia ndefu na tumbo tupu.

Mimi sikusoma sana. Nilifika mwaka wa tatu wa primeri, mwalimu akahama, na masomo yangu yakahama naye. Ninaandika vile ninavyosema. Ukiona nimeacha barabara, ungojee hapo hapo kidogo, nitarudi.

Gari ilikuwa ya bwana mumoja aliyefuga ng'ombe wengi huku Nyamitaba, wakati nywele zangu zingali nyeusi. Nilikuwa dereva wake. Lori ya maziwa ilikuwa ya kazi, lakini hiyo ndogo ilikuwa ya roho yake. Milango miwili tu. Taa nne kubwa mbele, zimejipanga kama macho ya buibui. Magurudumu yote manne yalivuta, na ndani ya moteri mulikuwa turbo, ile konokono ya chuma inayosukuma hewa mpaka gari inalia kama filimbi. Ilitengenezwa kwa kushindana, kukimbia juu ya mawe na matope mbele ya watu wanaopiga makofi. Huku kwetu waliosimama kando ya njia walikuwa wachungaji, na hawakupiga makofi, walitutukana kwa kuwa tumetisha ndama. Vita ilipokuja ile mara ya kwanza, bwana alipanda ndege, akaniachia ufunguo. "Uichunge mpaka nirudi." Nimeichunga. Yeye hakurudi. Labda alishakufa, ao amekaa kwenye kiti mahali fulani, hakumbuki tena alikuwa na gari gani.

Kwa gari hiyo njo nilimuleta muke wangu. Yeye ni wa Hombo, kule chini, mahali Walikale inapoishia na wafanyabiashara wanavuka daraja na mafuta ya mawese. Bwana alikuwa amenituma kule na fromage, jibini za maziwa yake, za kuuza. Nikamuonjesha binti mumoja aliyekuwa anauza mawese. Akanusa, akairudisha.

"Kaka, hii kitu ilikufa siku gani?"

"Dada, haikufa. Inatengenezwa hivyo."

"Basi kwenu munaonea maziwa."

Siku nilipokuja kumuchukua, wakubwa wakiisha kusikilizana na mbuzi zikiisha kufika, dada yake mukubwa, yule aliyemulea baada ya mama yao kufa, alikimbia nyuma ya gari mpaka mwisho wa nyumba za kijiji. Alikuwa anacheka na analia, kitambaa cha kichwa kimeanguka, anakikanyaga. Muke wangu alimuangalia kwa kioo cha nyuma mpaka kona. Mara ngapi amenisimulia kioo kile! Tulienda kumuona tena zamani, kwa lori, watoto wangali wadogo. Kisha vita zikafuatana, barabara zikakatika moja baada ya nyingine, na miaka ikapita juu yetu kama ng'ombe wanaopita juu ya majani.

Sasa nifike kwenye macho.

Muke wangu alianza kujigonga kwenye milango. Anamimina chai nje ya kikombe. Tukamucheka, hata yeye akacheka. Infirmye, muuguzi wa dispensere, akamuangalia na taa yake, akasema macho iko na presha. Akatupa chupa ndogo ya dawa ya kutonesha. "Mama, hii haitarudisha kilichoenda. Itashikilia kilichobaki. Usiache hata siku moja." Nikamuuliza muke wangu kimebaki nini. Akasema anaona kama muntu anayechungulia ndani ya mwanzi: katikati kuna duara ndogo ya mwangaza, pembeni kote giza.

Akanishika mukono. Akasema, "Papa, sitaki kuona kitu kingine. Ng'ombe nimeziona. Vilima nimeviona. Wewe nimekuona mpaka nimechoka. Nataka kuona uso wa dada yangu kabla huu mwanzi haujazibwa."

Ndiyo hiyo tu. Hakuniomba kitu kingine tangu fromage ile.

Unaweza kusema: si angepanda pikipiki? Nyonga yake ilivunjika alipoteleza njiani kwenda maji, ikajiunga vibaya. Hawezi kutanua miguu kwenye pikipiki. Lori? Mara moja tulimupandisha mpaka Sake, akashuka amejiuma mudomo damu inatoka. Dada yake naye hatembei mbali, miguu imejaa maji. Ikabaki gari. Nayo ilikuwa inatembea, musiwaze ilikuwa mufu. Nilikuwa naitumikisha kwa ndoa. Kila bibi-arusi wa Nyamitaba na Muheto mwenye baba wa kujionyesha alipanda ndani yake, maua kwenye taa nne, turbo inapiga filimbi kuliko kwaya. Nyuma yake mulikuwa na kiti laini ambamo muke wangu aliweza kujilaza ubavu.

Tukapanga safari baada ya mavuno ya maharagi. Nikaiosha gari, nikaipaka mafuta, taa ziking'aa. Nikaiacha kwenye majani nikaenda kula. Dume ya jirani ikapita. Ikaangalia kwenye taa, ikaona dume nyingine imesimama ndani, inaiangalia kwa kiburi. Unajua madume. Ikarudi nyuma hatua kidogo na ikaja. Pembe moja ikavunja taa, nyingine ikapita katikati ya chuma cha mbele ikaingia ndani ya radiateri mpaka kwenye shina la pembe.

Jirani alikuja kuomba samahani. Lakini kwanza aliangalia pembe ya dume yake.

Kwa muntu asiyejua, radiateri ni ile sahani kubwa ya mifereji myembamba inayosimama mbele ya moteri. Maji yanatoka kwenye moteri yakichemka, yanapita ndani ya mifereji, upepo unayapoza, yanarudi. Bila hiyo, moteri inajipika yenyewe. Na moteri ya mbio, yenye turbo, inapika kuliko zingine. Kwa gari ya kawaida unaweza kudanganya. Kwa hii, huwezi.

Nikamupelekea mekanisye wa Muheto, fundi wa gari na rafiki yangu wa zamani, muntu wa maneno mengi kama mimi, kwa hiyo tukiwa pamoja hakuna anayesikiliza. Akaitoa, akaiinua kwenye jua. Tukaonana uso kwa uso kupitia tundu.

"Muzee," akasema, "hii hata Yesu angeomba nyingine."

Tukaenda Sake kutafuta. Huko kuna muuzaji wa vipande, nyumba yake imejaa magari yaliyokatwa kama nyama. Alikuwa na njia tatu za kutupatia, na ninazikumbuka kama muntu anavyokumbuka njia panda alipopotelea.

Ya kwanza ilikuwa ileile ya gari hii, ya shaba, nzito, mifereji mistari mitatu, iliyotoka kwenye gari nyingine ya mbio kule Ulaya. Hakuwa nayo, angeiagiza Goma. Nikauliza bei. Akasema bei. Mekanisye wangu akapiga mluzi. Sitawaambia hesabu. Nitawaambia tu kwamba bei ile ilikuwa ng'ombe yangu ya madoa, na nilikuwa na hiyo moja tu iliyokuwa inakamuliwa. Maziwa yake njo yalikuwa fromage, na fromage njo ilikuwa chupa ndogo ya macho kila mara ya zamani ikiisha.

Mumeelewa? Nikiuza ng'ombe, gari inafika, lakini macho yanakosa dawa. Nikibaki na ng'ombe, macho yanashikiliwa, lakini kwa gari gani? Nilikaa pale kwenye mulango wa gari iliyokatwa, nikazungusha hiyo kitu kichwani kama punda kwenye kinu. Tangu siku ile sijaacha kuizungusha.

Ya pili ilikuwa ya lori la zamani, shaba nzuri, tungeikata na kuiunga kwenye vichwa vya radiateri yetu. Bei ya kweli ya rafiki. Mekanisye akaipenda, akaigonga na kidole, akasikiliza. Akamimina maji juu. Tukangojea yatoke chini. Tukangojea sana. Kisha ikatoka kitu cheupe, polepole, na harufu ya chakula.

"Bui!" mekanisye akasema. "Muzee, wameipikia bui!"

Huo uji njo desturi ya madereva wetu, hata mimi nimefanya. Radiateri ikivuja mbali na watu, unachukua unga wa muhogo unatia ndani. Unga unaiva na joto, unaziba tundu, unafika nyumbani. Lakini unga haujui tundu liko wapi, unaziba na mifereji pia. Lori lile lilikuwa limekula muhogo miaka mingi. Mifereji yake ilikuwa imekauka ndani kama sufuria ya mujane.

"Tukiisafisha?" nikauliza.

"Ukiisafisha utaikuta ni chujio," akasema. "Muhogo njo unaishikilia."

Ya tatu ilikuwa mupya, katika karatasi yake, ya gari ndogo za taxi. Aliminiyo nyepesi, mustari mumoja wa mifereji, vichwa vya juu na chini vya plastiki nyeusi. Niliinua kwa mukono mumoja. Muuzaji akasema, "Papa, hii ni ya kisasa. Sasa vitu vyote ni vyepesi." Mekanisye akainyamazia. Yeye akinyamaza ni ugonjwa. Mwisho akasema, "Itaingia. Tutatengeneza vyuma vya kuishikilia. Ventilateri ya kupuliza upepo tutaacha ile ya zamani, ina nguvu. Ukienda polepole..." Hakumaliza. Bei yake ilikuwa beberu na fromage chache, na hizo nilikuwa nazo.

Nikachukua ile nyepesi. Nikarudi nayo kifuani kama mutoto.

Hapa sasa usikilize vizuri, kwa sababu hapa njo kuna kosa ambalo hakuna muntu mwingine angelifanya isipokuwa sisi watu wa vilima.

Huku Nyamitaba kuna baridi. Asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba, unauona unapita juu ya sahani. Ng'ombe wanatoa moshi puani. Sisi madereva wa huku shida yetu ya maisha yote ni kuipasha moteri joto, si kuipoza. Tangu ujana nimekuwa nikifunga kipande cha gunia mbele ya radiateri ili upepo usiigandishe. Mikono yangu inafunga gunia lile bila kuniuliza.

Tukaiweka radiateri, tukaipima. Tukaipima kweli! Nilipanda na gari kilima cha misheni mara na mara, watu watano ndani. Nikaenda nayo ndoa ya Muheto, bibi-arusi munene, shangazi wawili wanene kuliko bibi-arusi, na mizigo ya sahani. Mushale wa joto ukasimama katikati kama askari wa mulangoni. Mekanisye akaweka mukono juu ya plastiki, akaacha hapo, akacheka. "Muzee, hata kuku angelalia hapa." Watu wakapiga makofi. Na mbele, mumesikia? Mbele gunia langu lilikuwa limefungwa bado. Tukajiambia: kama inakaa vizuri na gunia, bila gunia itakuwaje!

Muke wangu alikuwa amekaa kwenye jua lake, kikapu cha mahindi kwenye magoti. Akasema bila kugeuza kichwa:

"Papa, umeipima kwenye frigo."

"Mama, na wewe unajua radiateri?"

"Radiateri siijui. Joto ninalijua. Kwetu mawe yanatoka jasho."

Mekanisye akacheka, mimi nikacheka. Nikamuambia, "Basi tutakupatia kazi ya mekanisye." Yeye hakucheka. Aliendelea kupukuchua mahindi, vidole vinatafuta punje.

Tuliondoka asubuhi ya baridi kama zote. Chupa ya macho ilikuwa ndani ya kitambaa kifuani mwake, imejaa, ya kutosha kwenda na kurudi. Njia ya kupitia Masisi ya ndani mpaka Walikale gari ndogo haipite tena, kwa hiyo tulishuka Sake, tukafuata ziwa, kisha tukaanza kupanda ule musitu wa juu wa upande wa pili. Kwenye bariere, zile kamba za kufunga barabara, waliomba chai, tukatoa chai. Mumoja mwenye bunduki akaangalia taa, tatu nzima na moja iliyopasuka, akasema, "Muzee, hii inakimbia?" Nikasema, "Ilikuwa inakimbia. Sasa inatembea na mama." Akacheka akainua kamba.

Na ilitembea! Musitu ule wa juu una baridi kama kwetu. Turbo inaimba. Muke wangu amelala ubavu nyuma, anauliza, "Tumefika wapi? Kuna mianzi?" Ninasema iko. "Kuna ndizi?" Bado. Alikuwa anahesabu njia kwa mimea. Aliniambia atamuangalia dada yake kipande kwa kipande, kwa kuwa mwanzi wake hautoshi uso muzima: kwanza macho, kisha mudomo, kisha lile kovu dogo chini ya jicho, la kuni iliyoruka.

Tukashuka. Masikio yakaziba yakafunguka. Nikatoa koti. Nikatoa sweta. Hewa ikaingia dirishani nzito, ya kunata, kama muntu anayekupumulia usoni. Muke wangu akakaa. "Ndizi," akasema. "Zinanukia. Tumekaribia kwetu." Uso wake ulifunguka. Hiyo nimeiona mimi na macho yangu mazima, na ninaichunga.

Halafu tukakuta matope. Malori mawili yalikuwa yamelala ndani yake, watu wanachimba, na kando kulikuwa na njia moja ya gari ndogo, inapanda kilima kirefu, polepole, gia ya kwanza. Pikipiki zilipita. Jeep moja ya wafanyabiashara ikapita mbele yangu, ikapanda, ikapotea kule juu. Nami nikaingia. Magurudumu yote manne yakashika. Tulikuwa tunaenda kama kobe, upepo hakuna, jua juu ya kapo, kile kifuniko cha moteri, turbo nyekundu kama makaa. Mushale wa joto, yule askari wa mulangoni, akaacha kazi. Nikamuona anapanda. Nikakumbuka gunia! Nikasimama, nikaruka, nikalifungua, nikalitupa. Nikaendelea. Akapanda tena. Nikafungua moto wa ndani wa gari, ule wa kupasha miguu, ili utoe joto, tukakaa ndani ya tanuru. Muke wangu hakusema "nilikuambia." Angesema ingekuwa heri.

Karibu na juu, karibu kabisa, kile kichwa cha plastiki kikapasuka. Sauti yake si kubwa. Ni kama muntu anayevunja kibuyu. Moshi mweupe ukaficha kioo. Kabla sijazima, moteri ilikwisha kupiga ile kelele ya chuma inayokula chuma, na nikajua si radiateri peke yake tena. Ndani, katikati ya vipande viwili vya moteri, kuna bamba jembamba linalotenga maji na mafuta. Nilifungua kifuniko cha mafuta, nikakuta rangi ya chai ya maziwa. Limeungua. Kwa hiyo hata ningepata radiateri ya dhahabu, gari isingetembea siku ile.

Kulikuwa na nyumba chache pale juu. Mwenye nyumba ya kwanza alikuwa shemasi wa kanisa lao na muwindaji pia, muntu mufupi mwenye sauti ndogo. Nilipochukua bidon, dumu langu la chuma, kuelekea kijito kilicho nyuma ya nyumba, akanizuia kwa upole.

"Papa, kile hakichotwi na chuma. Ni maji ya wazee wetu. Ingia na kibuyu."

"Na wewe si shemasi?"

"Niko shemasi. Lakini kijito kilikuwa hapa kabla yangu."

Basi nikapoza gari ya mbio na kibuyu. Shemasi akatuambia tukae, Hombo haiko mbali, kesho vijana wa kilima watamubeba mama kwenye kipoyi, kile kitanda cha miti cha kubebea wagonjwa begani, atafika kabla ya jua kali. Muke wangu akafurahi. Tulikula sombe, majani ya muhogo, na samaki wa moshi. Alisema, "Papa, kesho."

Alasiri hiyo hiyo bunduki zikaanza, upande wa mbele, kati yetu na Hombo. Nani alikuwa anapiga nani, msiniulize, nimezeeka katika vita hizi na sijapata muntu wa kunieleza. Barabara ikafungwa. Watu wa bonde wakapanda kwetu na magodoro. Ile jeep iliyopita mbele yangu kwenye matope, tulisikia baadaye, ilifika Hombo vizuri, watu wake wakala chakula cha mchana.

Kesho ikawa haiko. Tulikaa pale mvua nzima, tangu mahindi ya shemasi yalipokuwa kidole mpaka yakavunwa. Kijana gani angebeba kipoyi ndani ya risasi? Na nyuma pia bariere zilikuwa zimegeuka kuwa kitu kingine, hakuna tena kupita na chai. Chupa ilipungua. Muke wangu alitonesha tone moja mahali pa mawili, kisha siku moja ndiyo na siku moja hapana. Shemasi alimutuma muntu kwa miguu mpaka dispensere ya jirani. Alirudi na kidonge cha malaria.

Siku moja simu ilishika réseau, mutandao, juu ya mugomba ulioanguka, mahali pekee palipokuwa nayo. Ilikuwa mekanisye wa Muheto. Kwa mara ya kwanza alisema maneno machache.

"Muzee, wamepita huku. Wamechukua ng'ombe."

"Ile ya madoa?"

"Zote za kilima. Hata lile dume."

Nilibaki nimesimama juu ya mugomba. Ng'ombe ambayo sikuiuza ili macho yake yabaki. Ningeiuza, radiateri ya shaba ingepanda kilima kile inapiga filimbi. Sikuiuza, na imeenda pia. Mutoto akikupokonya muhindi unaweza kumukimbiza. Hii utaikimbiza wapi? Nilishuka, nikamuambia muke wangu. Kisha akauliza kama waliichukua na ndama yake. Nikasema sijui. Akasema, "Wangeiacha ndama, ingelia."

Mwanzi uliziba polepole. Hakukuwa na siku moja ya kusema njo leo. Alikuwa anatoka nje asubuhi, anainua mukono mbele ya uso, anautafuta. Halafu asubuhi fulani nilimuona ametoka na hakuinua mukono. Alikaa tu, ameelekea upande joto la jua lilipotoka. Sikumuuliza. Naye hakuniambia. Watu waliokaa pamoja muda murefu wanaweza kufichana kitu kikubwa hivyo juu ya mukeka mumoja.

Barabara ilipofunguka, vijana wanne wakamubeba. Mimi nilifuata nyuma na fimbo. Gari ilibaki juu ya kilima, kuku wa shemasi wanalala kwenye kile kiti laini. Kule mbele, mahali pa radiateri, waliweka majani, na kuku mumoja alilalia mayai juu ya ile plastiki iliyopasuka. Mekanisye alikuwa amesema kweli.

Dada alikuwa ameketi mulangoni kwake, miguu imewekwa juu ya gogo. Walikuwa wamekwisha kumuambia juu ya macho. Vijana wakashusha kipoyi mbele yake, mpaka magoti ya hao wamama wawili yakagusana. Hakuna aliyelia kwanza. Muke wangu akanyosha mikono, akaupata uso, akaanza kupita juu yake polepole, paji, nyusi, kovu. Vidole vikafika mashavuni na kusimama. Vikashuka mudomoni.

"Dada, meno iko wapi?"

"Nimeazimisha watu."

Wakacheka wote wawili, kicheko kimoja, ungesema ni muntu mumoja. Kisha muke wangu akauliza, "Umezeeka?"

"Mimi? Hapana. Niko vile uliniacha. Hata kitambaa ni kile kile."

"Muongo."

"Kweli tupu. Uliza mume wako."

Muke wangu akageuza kichwa upande aliosikia fimbo yangu. "Papa, wewe unamuona. Niambie."

Mimi ambaye sijawahi kukosa neno! Nilimuangalia yule dada. Nilijaribu kumuona kipande kwa kipande, vile muke wangu alivyokuwa amepanga. Nikasema, "Ana lile kovu dogo chini ya jicho."

"Hilo nimelishika sasa hivi," akasema. "Niambie kile ambacho mukono haujui."

Dada alikuwa anatikisa kichwa kwangu, hapana, hapana, machozi yanaingia ndani ya mikunjo ya uso na kupotelea humo. Muke wangu alikuwa anangojea, shingo imenyoshwa, kama siku ile ya kioo kabla ya kona. Nilifungua mudomo. Nilitafuta. Ninajua maneno ya moteri, ya ng'ombe, ya barabara mbaya. Kuhusu uso sikupata hata moja ya kumupa, na mpaka leo, tukiwa tungali hapa Hombo, bado anauliza asubuhi, na bado ninatafuta.